Mwasho wa Usiku: Utitiri wa Upele na Utitiri wa Vumbi katika Nyumba za Mbulu na Hanang

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ni nchi ya baridi. Mbulu imekaa katika uwanda ulioinuka juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Katesh, makao makuu ya Hanang, uko chini ya mlima wenye kimo cha mita 3,417. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti baridi ya usiku huwa kali, na watu hujifunika mablanketi mazito. Si ajabu kukuta watoto watatu wamelala chini ya blanketi moja.

Ndani ya joto la blanketi hilo ndimo mwasho uanzamo. Mtoto hujikuna usiku kucha, na asubuhi ngozi yake huwa na michubuko. Mzazi hununua dawa ya upele na kumpaka. Pengine mtoto hupona. Lakini pengine mwasho huzidi; mzazi humpaka tena dawa ile ile, na ngozi huzidi kukauka na kupasuka. Kuna pia kosa la namna ya pili: mtoto mwenye upele hupakwa mafuta ya kulainisha ngozi kwa miezi mingi, na wakati huo ndugu zake wote wanaambukizwa mmoja baada ya mwingine.

Makosa haya mawili yana asili moja. Chini ya blanketi moja huweza kuwamo viumbe wawili wa jamaa moja, wote wadogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi, na wote huleta mwasho. Lakini maisha yao ni tofauti, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Makala haya yanaeleza viumbe hao, jinsi wanavyoudhi ngozi, na jinsi mwananchi anavyoweza kuwatofautisha.

Jamaa ya utitiri

Watu wengi hulijua neno utitiri kutokana na vijidudu vinavyotambaa mikononi mtu anapomshika kuku aliyeatamia. Katika elimu ya wanyama neno hilo hufaa kwa jamaa kubwa zaidi. Utitiri si wadudu kamili. Mdudu aliyekomaa ana miguu sita. Utitiri uliokomaa una miguu minane, na kwa sababu hiyo huhesabiwa pamoja na kupe na buibui. Aina zake ni maelfu mengi. Nyingi huishi katika udongo, majani na nafaka, wala hazimdhuru binadamu.

Aina tatu hukutana na binadamu ndani ya nyumba. Ya kwanza ni utitiri wa kuku, ambao hukaa katika viota na nyufa, na huuma watu pale kuku wanapolala chumba kimoja na wenye nyumba. Ya pili ni utitiri wa upele, ambao huishi ndani ya ngozi ya mtu. Ya tatu ni utitiri wa vumbi, ambao hauumi wala haunyonyi damu, bali huishi katika malazi. Aina hizi mbili za mwisho ndizo zinazochanganywa mara kwa mara.

Utitiri wa upele

Kisa cha utitiri wa upele ni cha zamani katika historia ya sayansi. Mwaka 1687, huko Livorno nchini Italia, Giovanni Cosimo Bonomo na Diacinto Cestoni walitoa kijidudu katika ngozi ya mgonjwa wa upele, wakakitazama kwa hadubini, wakaeleza kwamba ndicho chanzo cha ugonjwa. Upele ulikuwa miongoni mwa magonjwa ya kwanza ya binadamu ambayo chanzo chake, kiumbe kidogo sana, kilijulikana kwa hakika.

Jike lake lina urefu wa thuluthi ya milimita hivi. Hutoboa ngozi ya juu na kuchimba njia nyembamba, na humo hutaga mayai mawili au matatu kila siku kwa muda wa wiki nne hadi sita. Mtu mzima mwenye upele wa kawaida hana utitiri mwingi mwilini; aghalabu ni kumi hadi kumi na tano tu. Mwasho mkali unaousikia mwili mzima hautokani na kuumwa. Unatokana na mwili kuyakataa mate, mayai na choo cha utitiri huo.

Jambo hili lina matokeo makubwa. Kwa mtu ambaye hajapata kuugua upele, mwili huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kukasirika. Katika muda huo mtu hajikuni, hana alama, lakini tayari anaambukiza. Ndiyo maana kumpaka dawa mtoto mmoja anayejikuna hakuisaidii familia: wale wasiojikuna bado watamrudishia ugonjwa. Kwa mtu aliyewahi kuugua, mwasho hurudi ndani ya siku chache.

Upele si jambo la aibu wala la kudharau. Michubuko ya kucha hufungua njia kwa bakteria. Vidonda hutunga usaha, na baadhi ya bakteria hao huweza kusababisha maradhi ya figo wiki chache baadaye. Kwa sababu ya madhara hayo, mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yasiyopewa kipaumbele.

Mbuzi, mbwa na wanyama wengine nao huugua ukurutu wa mifugo unaotokana na utitiri wa jamaa hii hii. Mchungaji anayeshika mbuzi mgonjwa huweza kuwashwa kwa siku kadhaa mikononi na tumboni. Lakini utitiri wa mbuzi hauzaliani katika ngozi ya binadamu. Mnyama akitibiwa, mwasho wa mtu hutoweka wenyewe.

Utitiri wa vumbi

Utitiri wa vumbi ulichelewa kutambuliwa. Madaktari walijua tangu zamani kwamba vumbi la nyumba huwachochea baadhi ya watu kupiga chafya, kubanwa kifua na kuwashwa ngozi, lakini hawakujua ni kitu gani hasa ndani ya vumbi hilo. Katika mwaka 1964 Reindert Voorhorst, Frits Spieksma na wenzao wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba kitu hicho kinatokana na utitiri. Jina lake la kitaalamu, Dermatophagoides, lina maana ya mla ngozi.

Jina hilo lisimtishe msomaji. Utitiri huu hauli ngozi iliyo hai. Hula magamba makavu yanayodondoka mwilini. Kila siku mtu huambua ngozi kiasi cha nusu gramu hadi gramu moja na nusu, na sehemu kubwa hubaki katika shuka, mto, godoro na blanketi. Chakula hicho hutosha kulisha maelfu.

Utitiri wa vumbi una urefu wa robo ya milimita hivi, na huishi kwa miezi miwili au mitatu. Haunywi maji. Unyevu wote unaouhitaji huupata kutoka katika hewa. Hapo ndipo penye udhaifu wake: unyevu wa hewa ukishuka chini ya nusu ya kiasi ambacho hewa hiyo ingeweza kubeba, na ukakaa hivyo kwa wiki kadhaa, utitiri hukauka na kufa. Hustawi zaidi katika joto la kadiri na hewa nzito, na vitu hivyo viwili ndivyo mtu aliyelala anavyoutengenezea chini ya blanketi kwa joto la mwili wake, pumzi zake na jasho lake.

Kinachodhuru hasa ni choo chake. Utitiri mmoja hutoa punje 20 hivi kwa siku, kila punje ikiwa na ukubwa kama wa chavua ya maua. Blanketi likitikiswa, punje hizo huruka hewani, kisha hutua tena baada ya muda mfupi. Ndani yake mna vimeng'enya vilivyokuwa vikisaga chakula tumboni mwa utitiri. Vikigusa ngozi dhaifu, vimeng'enya hivyo huendelea na kazi yao ya kusaga: hulegeza viungo vinavyoshikilia chembe hai za ngozi, na kujipenyezea njia ndani.

Mzio ni nini?

Mwaka 1906 daktari Clemens von Pirquet wa Vienna alitunga neno ambalo kwa Kiswahili tunalitaja kwa jina la mzio. Alitaka kueleza hali ya mwili kubadilika baada ya kukutana na kitu kigeni, hata ukikutana nacho tena ukakipokea kwa namna isiyo ya kawaida.

Mwili una askari wake, yaani kingamwili. Kazi yao ni kutambua wavamizi kama bakteria na virusi. Kwa mtu mwenye mzio, askari hao hukosea: hukichukua kitu kisicho na sumu, kama punje ya choo cha utitiri, wakakihesabu kuwa adui. Aina ya kingamwili inayohusika iligunduliwa mnamo mwaka 1966 na Kimishige na Teruko Ishizaka, mtu na mkewe, huko Denver, Marekani. Kingamwili hizo hujipachika juu ya chembe fulani zilizomo katika ngozi na mapafu. Kitu kinachokataliwa kikifika, chembe hizo humwaga histamini, nayo huleta uvimbe na mwasho.

Si kila anayelala penye utitiri wa vumbi hupata mzio. Wengi hawadhuriki kabisa. Wanaodhurika zaidi ni wale waliozaliwa na ngozi kavu isiyozuia vitu vya nje vizuri. Ugonjwa wao ni ukurutu, ambao watu wengi huuita pumu ya ngozi. Jina hilo lina hekima ndani yake, kwani ukurutu na pumu ya kifua mara nyingi hukutana katika ukoo mmoja, na pengine katika mtoto mmoja. Ukurutu hauambukizi. Mtoto mwenye ukurutu hana sababu ya kutengwa darasani wala kitandani.

Baridi, nyumba na blanketi

Yaweza kudhaniwa kwamba utitiri wa vumbi haukai katika nchi za juu. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Mji wa Davos nchini Uswisi, ulio kwenye kimo cha mita 1,560, umesifika kwa kuwapa nafuu wagonjwa wa pumu, kwa kuwa hewa yake ni kavu na utitiri ni haba. Lakini kinachoua utitiri ni ukavu. Kimo peke yake hakiuui.

Hayo yalidhihirika katika nyanda za juu za Papua New Guinea, nchi ya kitropiki yenye milima na usiku wa baridi. Watu wa huko hawakuwa na mazoea ya kutumia mablanketi ya dukani. Yalipoenea, pumu, iliyokuwa adimu, iliongezeka miongoni mwa watu wazima. Katika miaka ya 1980 watafiti walichunguza mablanketi hayo wakakuta yamejaa utitiri wa vumbi. Baridi ya nje haikuuzuia, kwa sababu kila usiku ulipata joto na unyevu wa mtu aliyelala.

Somo hilo linazihusu pia Mbulu na Hanang. Hapo zamani Wairaqw wengi walijenga tembe zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, zenye paa la udongo, na watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Nyumba ya namna hiyo hukinga upepo na kuhifadhi joto, lakini pumzi za watu na mifugo huongeza unyevu, na mwanga wa jua hauingii. Wabarabaig na wafugaji wengine walilalia ngozi za ng'ombe. Ngozi iliyokaushwa hukung'utwa kwa urahisi na haina vishimo vya kuficha vumbi. Blanketi, godoro la sponji na mto wa sufi vinavyo vishimo hivyo kwa mamilioni.

Nyumba ya matofali na mabati yenye madirisha ni bora kwa mambo mengi. Lakini ikiwa madirisha hufungwa mchana kutwa, na godoro halitolewi nje mwaka mzima, basi utitiri umepata makao mazuri kuliko yale ya tembe.

Namna ya kutofautisha

Mzazi au mwalimu anaweza kujiuliza maswali matano.

(1) Nani mwingine anajikuna? Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiwashwa kwa wakati mmoja, upele ndio wa kushukiwa kwanza. Mtoto mmoja akiwashwa kwa miezi au miaka, na wanaolala naye wakiwa wazima, ukurutu ndio wa kushukiwa.

(2) Alama ziko wapi? Upele hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, matakoni na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga hata viganja na nyayo. Ukurutu hupenda mashavu ya mtoto mchanga, na kwa mtoto mkubwa mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti.

(3) Ngozi ikoje? Katika ngozi nyeusi ukurutu hauonekani mwekundu kama picha za vitabu vingi vya Ulaya zinavyoonyesha. Huonekana kama mabaka ya kijivu au meusi zaidi, yenye vipele vidogo vidogo, na ngozi nene iliyokakamaa kwa kukunwa.

(4) Ulianza lini? Upele huanza wakati wowote wa umri, mara nyingi baada ya mgeni kulala nyumbani au mtoto kurudi kutoka bwenini. Ukurutu aghalabu huanza utotoni, hupoa na kurudi.

(5) Je, katika ukoo wamo wenye pumu au mafua ya mara kwa mara yenye chafya nyingi? Wakiwamo, uwezekano wa ukurutu huongezeka.

Magonjwa haya mawili huweza kumpata mtoto mmoja kwa pamoja. Palipo na shaka, mganga wa zahanati au kituo cha afya ndiye wa kuamua. Mganga naye hana budi kuuliza habari za nyumba nzima. Tanzania imepiga hatua katika elimu hii: tangu mwaka 1992 kipo Moshi, katika eneo la Hospitali ya KCMC, kituo kinachofundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika magonjwa ya ngozi.

Tiba ya kila mmoja

Tiba ya upele ni tiba ya nyumba nzima. Wote wanaolala pamoja hupakwa dawa siku moja, wenye mwasho na wasio nao, kuanzia shingoni hadi nyayo, bila kuacha katikati ya vidole na chini ya kucha. Dawa zinazotumika ni benzili benzoeti, permethrini na mafuta ya salfa. Kipimo cha watoto wadogo hutolewa na mganga. Kwa kawaida dawa hurudiwa, ili kuua utitiri ulioanguliwa baadaye. Mwasho huweza kuendelea wiki mbili hadi nne ingawa utitiri wote umekufa, kwa kuwa mabaki yake yamo bado katika ngozi. Kupaka dawa kila siku katika muda huo ni kuichoma ngozi bure.

Vidonge vya ivermektini pia huua utitiri wa upele. Unguja na Pemba, kuanzia mwaka 2001, wananchi wote wanaostahili waligawiwa ivermektini pamoja na albendazoli ili kutokomeza matende. Baadaye kumbukumbu za vituo vya afya zilionyesha kwamba wagonjwa wa upele nao walipungua sana. Vidonge hivyo havitolewi kwa wajawazito wala kwa watoto wenye uzito chini ya kilo 15 bila amri ya daktari.

Tiba ya ukurutu huanza na mafuta. Mtoto aoge kwa maji ya vuguvugu bila sabuni kali, kisha apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kila siku, hata siku asizowashwa. Mafuta hayo hujenga upya ukuta ambao ngozi haikuweza kuujenga. Ngozi ikichachamaa, mganga hutoa dawa ya kupaka yenye haidrokotizoni kwa muda maalumu. Krimu kali zinazouzwa madukani kwa ajili ya kujichubua zisitumiwe. Hutuliza mwasho kwa siku chache, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuacha michirizi isiyofutika. Dawa ya upele haina kazi katika ukurutu. Benzili benzoeti huikera ngozi iliyokwisha kupasuka, na ndiyo sababu ya mtoto aliyetajwa mwanzoni kuzidi kuumia.

Jua na maji

Kupunguza utitiri wa vumbi peke yake hakuponyi ukurutu, lakini kwa mtoto mwenye mzio nao ni sehemu ya matunzo. Maji yenye joto la nyuzi 60 huua utitiri, lakini kuchemsha maji ya kufulia mablanketi hutaka kuni nyingi, na kuni ni mzigo wa mama. Ipo njia nafuu. Maji baridi na sabuni havitaua utitiri wote, ila huondoa sehemu kubwa ya choo chake. Jua kali huua utitiri kwa joto na ukavu, ila haliondoi choo kilichokwisha kutolewa. Kwa hiyo kila kimoja hufanya kazi ambayo kingine hakiwezi: kufua, kisha kuanika.

Katika siku kavu, godoro, mito na mablanketi vitolewe nje tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na kugeuzwa pande zote mbili. Vikung'utwe mbali na mlango, na mtu asiye na pumu. Vilivyoanikwa wakati wa mvua vikarudishwa na unyevu ni heri visingetolewa. Madirisha yafunguliwe mchana. Kuku na mbuzi wawe na banda lao.

Kwa upande wa upele, nguo na mablanketi hufuliwa na kuanikwa siku ile ile ya kupaka dawa. Visivyoweza kufuliwa hufungwa katika mfuko kwa wiki moja, kwani utitiri wa upele ukikosa ngozi ya mtu hufa baada ya siku chache.

Jaribio kwa wanafunzi

Shule yenye hadubini inaweza kuutazama utitiri wa vumbi. Kung'uta blanketi juu ya karatasi na kukusanya vumbi kiasi cha kijiko kimoja. Koroga chumvi katika glasi ya maji hadi isiyeyuke tena, kisha tia vumbi na kukoroga. Acha maji yatulie. Mchanga huzama, na utitiri, ukiwa mwepesi kuliko maji ya chumvi nyingi, huelea. Chota tone la juu na kuliweka chini ya hadubini. Linganisha vumbi la blanketi lililoanikwa kila wiki na la blanketi ambalo halijaanikwa muda mrefu, na uandike hesabu za kila moja katika jedwali.

Wanafunzi watakaofanya hivyo katika msimu wa mvua, na tena katika kiangazi, watajionea wenyewe jinsi unyevu wa hewa unavyotawala maisha ya kiumbe kisichokunywa maji. Na watakaporudi nyumbani wakamkuta mdogo wao anajikuna, watajua la kuuliza kwanza kabla ya dawa yoyote kununuliwa: katika nyumba hii, nani mwingine anajikuna?